Usimwage gunia zima: kuleta bidhaa chache na kuhesabu stoo kwenye tovuti ya duka lako

Somo la leo ni la wenye duka mtandaoni, iwe tovuti umeijenga mwenyewe kama mimi au umemlipa fundi akujengee. Na wewe unayeuzia WhatsApp tu usipite, maana siku ukihamia kwenye tovuti utakutana na hili wiki ya kwanza.

Mimi sikusomea kompyuta. Nimeishia kidato cha nne, haya mambo nimejifunza usiku baada ya kufunga duka, kwa kukosea na kurudia. Kwa hiyo nitaeleza kwa lugha ya dukani. Ukiona nimeeleza kitu unachokijua, vumilia, kuna mwenzako hakijui.

KISA KILICHONIFUNDISHA

Nauza vitenge, mashuka na mapazia hapa Dodoma mjini. Mzigo naufuata Kariakoo. Tovuti nimeitengeneza kwa PHP na MySQL, na bidhaa zote ziko kwenye jedwali moja, kila bidhaa mstari wake. Upande wangu wa ndani nilijiwekea ukurasa wa muhtasari unaoonyesha idadi: mashuka mangapi, mapazia mangapi, vitenge vingapi.

Jumatatu moja akanipigia mama mmoja wa kamati ya harusi. Anataka kitenge cha sare, doti 60, rangi moja. Kakiona kwenye tovuti, kakipenda. Nikafungua muhtasari wangu, nikaona: Vitenge 64. Nikamjibu fasta, "Zipo mama, tena zinabaki." Doti moja shilingi 18,000, kwa hiyo mzigo wote ni 1,080,000. Akatanguliza 500,000 siku hiyo hiyo.

Jioni naingia stoo kumfungia. Kile kitenge alichochagua zilikuwepo doti 9.

Kumbe ile 64 haikuwa doti. Zilikuwa aina 64 za vitenge, yaani mistari 64 kwenye jedwali. Na humo ndani kulikuwa na aina zilizokwisha kabisa. Kompyuta haikunidanganya, ilijibu nilichouliza. Mimi ndiye niliyeuliza swali moja nikasoma jibu la swali lingine.

Nikapiga simu Kariakoo, nikapata doti 31 za kitenge kile. Jumla 40. Sare ya watu 60 huwezi kuwavalisha 40. Ikabidi nirudishe hela, na 300,000 nilishaiweka kwenye mashuka, nikakopa kwa dada yangu. Yule mama hakugomba. Aliniambia tu, "Mwanangu, ungesema huna tangu Jumatatu ningekuelewa. Tatizo umeniambia unazo."

Hayo maneno bado ninayo. Sasa twende kazi, tuone mambo mawili: kuleta bidhaa chache chache, na kuhesabu vizuri.

BAMBO NA KARANI

Aliyewahi kufika soko la mahindi Kibaigwa, pale wilaya ya Kongwa kwenye barabara ya kwenda Morogoro, anajua bambo. Mnunuzi akitaka kujua mahindi yakoje hamwagi gunia chini. Anachoma bambo, zinatoka punje chache, anaangalia, anaamua. Na akitaka kujua lori lina magunia mangapi hashushi mzigo wote aanze kunyoosha kidole. Anamuuliza karani, karani anasoma daftari, anapewa namba moja.

Kwenye kanzidata ni vile vile. Bambo lako linaitwa LIMIT. Karani wako anaitwa COUNT.

Hata matokeo ya mitihani ya NECTA tunayaangalia hivyo. Hufunguliwi watahiniwa wa nchi nzima kwenye ukurasa mmoja. Unaanza na orodha ya shule, unabonyeza shule yako, unaletewa wa shule hiyo. Hebu fikiria siku ya matokeo kila simu ingelazimika kupakua nchi nzima.

KOSA LA KWANZA: KULETA ZOTE

Tovuti yangu ilianza na swali hili:

SELECT * FROM bidhaa

Maana yake: niletee kila kitu cha kila bidhaa. Nilipokuwa na bidhaa 30 ilikuwa inaruka kama swala. Zilipofika 1,240 ikawa inatambaa.

Piga hesabu. Picha moja ya bidhaa tuseme ni KB 80. Mara 1,240 ni KB 99,200, karibu MB 99 kwa mteja kufungua ukurasa wa mbele tu. Mwanafunzi wa UDOM mwenye bando la MB 500 akifungua duka lako mara tano, bando limekwisha na shuka hajanunua. Mteja wa Mpwapwa au Kondoa vijijini, mtandao wake wa kusuasua, ndiyo hafiki kabisa. Anaona duara linazunguka, anatoka. Na wewe hutajua kama alikuja.

Ukimletea 20 tu, ni KB 1,600, yaani MB 1.6. Tofauti unaiona mwenyewe.

Sahihi ni hivi:

SELECT id, jina, bei, picha
FROM bidhaa
WHERE idadi > 0
ORDER BY tarehe DESC, id DESC
LIMIT 20

Tusome mstari kwa mstari.

SELECT id, jina, bei, picha: omba safu unazozihitaji tu. Ile nyota inaleta hata bei uliyonunulia Kariakoo, ambayo haina kazi kwenye ukurasa wa mteja.

WHERE idadi > 0: zile zilizopo tu. Kumuonyesha mteja kitu kilichokwisha bila kumwambia ni kumpotezea muda.

ORDER BY tarehe DESC, id DESC: mpya zianze juu. Hapa wengi wanateleza. LIMIT bila ORDER BY inakuletea 20 zozote, kanzidata haikuahidi mpangilio. Leo inaweza kukuletea hizi, kesho zile. Na kwa nini nimeongeza id? Kwa sababu nikirudi Kariakoo napakia bidhaa 50 siku moja, zote zina tarehe moja. Ukipanga kwa tarehe peke yake, kati ya hizo 50 kanzidata inaweza kuzichanganya itakavyo, mteja akaona shuka lile lile ukurasa wa 1 na wa 2, na shuka lingine asilione popote. Id haijirudii, kwa hiyo inakata ubishi.

LIMIT 20: zikifika 20 simama.

UKURASA WA PILI NA KUENDELEA

Sasa mteja anataka kuona zaidi. Unaiambia kanzidata iruke zile alizokwisha kuziona:

LIMIT 20 OFFSET 40

Yaani ruka 40, nipe 20 zinazofuata. Huo ni ukurasa wa 3. Kanuni ni hii: namba ya ukurasa, toa moja, zidisha kwa 20. Ukurasa wa 3: 3 toa 1 ni 2, mara 20 ni 40. Ukurasa wa 1 unaruka sifuri.

Kuna ufupisho utauona kwa watu: LIMIT 40, 20. Ni kitu kile kile, ila angalia, namba ya kwanza ndiyo ya kuruka na ya pili ndiyo ya kuleta. Nilishawahi kuzigeuza, nikawa naruka 20 na kuleta 40, nikahangaika nusu siku. Mimi siku hizi naandika OFFSET, macho yanasoma vizuri.

Kwenye PHP inakuwa hivi:

$kwa_ukurasa = 20;
$ukurasa = max(1, (int)($_GET['ukurasa'] ?? 1));
$ruka = ($ukurasa - 1) * $kwa_ukurasa;

$swali = $db->prepare("SELECT id, jina, bei, picha FROM bidhaa WHERE idadi > 0 ORDER BY tarehe DESC, id DESC LIMIT :kiasi OFFSET :ruka");
$swali->bindValue(':kiasi', $kwa_ukurasa, PDO::PARAM_INT);
$swali->bindValue(':ruka', $ruka, PDO::PARAM_INT);
$swali->execute();

Mambo mawili hapo usiyaruke.

Moja, ile (int) na max. Namba ya ukurasa inatoka kwenye anwani ya tovuti, na anwani mtu yeyote anaweza kuiandika atakavyo. Wapo wanaoandika ukurasa=-5, na wapo wanaoandika amri za kuiba data zako. (int) inalazimisha iwe namba, max inalazimisha isishuke chini ya 1. Usichukue maneno ya mgeni ukayaunganisha moja kwa moja kwenye swali la kanzidata. Ni sawa na kumpa mpita njia ufunguo wa stoo.

Mbili, PDO::PARAM_INT. Usipoiweka, PHP inaweza kupeleka ile 20 ikiwa imefungwa kwenye alama za maneno, kama vile ni jina, na MySQL inakataa. Kosa hili linasumbua wengi kwa sababu msimbo ukiutazama unaonekana mzima.

Na kama duka lako ni kubwa sana, jua kwamba OFFSET ina uvivu wake. Ukisema ruka 10,000, kanzidata inazipitia zile 10,000 kwanza ndiyo izitupe. Dawa yake ni kumkumbuka mteja aliishia wapi. Kama umepanga kwa id, na bidhaa ya mwisho aliyoona ni namba 873, unauliza WHERE id < 873 ORDER BY id DESC LIMIT 20. Inaanzia pale pale bila kuruka. Kwa duka la bidhaa elfu moja au mbili, OFFSET inakutosha, usijichoshe.

KOSA LA PILI: KUHESABU KWA KUSHUSHA MZIGO

Ili uandike "Ukurasa wa 3 kati ya 46" lazima ujue bidhaa zote ni ngapi. Mimi zamani nilikuwa naleta mistari yote kwenye PHP halafu naihesabu. Yaani nashusha lori zima ili nijue idadi, halafu nalipakia tena. Karani yupo:

$jumla = (int)$db->query("SELECT COUNT(*) FROM bidhaa WHERE idadi > 0")->fetchColumn();
$kurasa = (int)ceil($jumla / $kwa_ukurasa);

Linarudi jibu moja tu, namba. Ikiwa ni 905, gawanya kwa 20 unapata 45.25. Ceil inapandisha juu, kurasa 46, na ule wa mwisho una bidhaa 5. Ukisahau ceil ukabaki na 45, zile 5 hakuna atakayeziona, ziko stoo zinaliwa na vumbi.

Muhimu: WHERE ya kuhesabu iwe ile ile ya kuleta. Ukileta zenye idadi zaidi ya sifuri lakini ukahesabu zote 1,240, tovuti itaonyesha kurasa 62, na kuanzia wa 47 mteja anakutana na ukurasa mtupu. Atadhani duka limefungwa.

Utakuta masomo ya zamani yanakufundisha SQL_CALC_FOUND_ROWS na FOUND_ROWS() ili upate vyote kwa mpigo. Achana nayo. Tangu MySQL 8.0.17 imewekwa kwenye orodha ya vitu vya kuondolewa, na wenyewe wanashauri utumie maswali mawili: moja la LIMIT, moja la COUNT.

KOSA LA TATU, LILILONITOA 500,000: KUHESABU KITU TOFAUTI

Hapa ndipo kisa cha yule mama. Tazama maswali haya manne, yote yanafanana kwa macho ila majibu ni tofauti.

Swali la 1:
SELECT COUNT(*) FROM bidhaa WHERE aina = 'kitenge'
Hili linahesabu mistari. Jibu ni aina za vitenge ulizowahi kuandika, zilizopo na zilizokwisha. Ndilo lililonipa 64.

Swali la 2:
SELECT COUNT(*) FROM bidhaa WHERE aina = 'kitenge' AND idadi > 0
Hili ni aina ambazo bado zipo dukani.

Swali la 3:
SELECT COALESCE(SUM(idadi), 0) FROM bidhaa WHERE aina = 'kitenge'
Hili linajumlisha doti zote za vitenge vyote. Ile COALESCE ni kwa sababu SUM ikikosa mstari hata mmoja hairudishi sifuri, inarudisha NULL, yaani patupu.

Swali la 4:
SELECT idadi FROM bidhaa WHERE id = 318
Hili ni doti ngapi za kitenge kile kile anachokitaka mteja. Hili ndilo nililopaswa kuuliza siku ile. Jibu lake lilikuwa 9.

Siku hizi kwenye muhtasari wangu sijaandika tena "Vitenge: 64". Nimeandika "Aina za vitenge zilizopo" na chini yake "Doti zote". Neno moja la kueleza namba ni ya nini lingeniokoa.

Kuna mtego mwingine wa karibu. COUNT(*) inahesabu mistari yote, lakini COUNT(simu) inahesabu mistari ambayo safu ya simu haiko NULL. Kama wateja wengine hawakuacha namba na sehemu yao ni NULL, hawatahesabiwa. Sio kosa, ni jinsi inavyofanya kazi, ila ujue unauliza nini.

Na ukitaka kujua una wateja wangapi, usihesabu oda. Mteja mmoja anaweza kuagiza mara sita. Tumia:

SELECT COUNT(DISTINCT simu) FROM oda

Mimi nilikuwa najisifu nina wateja 312. Nilipohesabu hivi, wakawa 187. Nilikaa kimya kidogo. Lakini ukweli ule ulinisaidia, niliacha kuagiza mzigo wa watu 312.

Ukitaka kila aina kwa mstari wake kwa mara moja:

SELECT aina, COUNT(*) AS aina_ngapi, SUM(idadi) AS vipande
FROM bidhaa
WHERE idadi > 0
GROUP BY aina

Hii naiangalia kila Ijumaa kabla ya safari ya Kariakoo.

HESABU KABLA YA KUFUTA

Hili nalitoa bure. Siku ukitaka kufuta vitu, kwa mfano oda za zamani ambazo hazikulipiwa, anza na COUNT yenye WHERE ile ile utakayofutia:

SELECT COUNT(*) FROM oda WHERE hali = 'haijalipwa' AND tarehe < '2024-01-01'

Ukitarajia 40 na ikakuletea 3,000, simama, kuna kitu umeandika vibaya. Ukishafuta bila nakala ya akiba, hakuna wa kumlilia.

KAMA TOVUTI ULIJENGEWA

Huna haja ya kujua msimbo. Mpigie fundi wako umuulize haya manne kwa utaratibu:

1. Ukurasa wa bidhaa unaleta ngapi kwa mara moja? Akisema zote, mwambie akuwekee 20 au 24.

2. Bidhaa zimepangwa kwa nini, na zikilingana tarehe inakuwaje?

3. Namba ninazoona kwenye muhtasari ni za aina au za vipande? Aandike pale pale kwa Kiswahili.

4. Namba ya ukurasa kwenye anwani inakaguliwa kabla ya kufika kwenye kanzidata?

Halafu jipime mwenyewe. Zima Wi-Fi, tumia bando la kawaida, fungua duka lako. Angalia bando kabla na baada. Hiyo ndiyo bei anayolipa mteja kabla hajanunua chochote.

Dondoo ya mwisho kwa wanaokodi seva. Ukiona kwenye mipangilio pameandikwa MariaDB badala ya MySQL, usiogope. MySQL ilianza mwaka 1995 Uswidi, na jina lake limetokana na My, binti wa mwanzilishi mmojawapo, Michael Widenius. MariaDB ni tawi lililotoka humo mwaka 2009, limepewa jina la binti yake mdogo, Maria. LIMIT na COUNT za somo hili zinafanya kazi kote kote. Ila ukihamia SQL Server ya Microsoft, hutaikuta LIMIT, wao wana TOP.

Yule mama alirudi baada ya miezi mitano, kutaka mapazia. Kabla sijamjibu nilifungua bidhaa ile ile kwa id yake, nikaona 7, halafu nikaingia stoo nikazishika kwa mkono. Nikamwambia, "Mama, zipo saba, siyo nane." Akachukua saba.

Kazi ya leo: fungua muhtasari wa duka lako, chagua namba moja, nenda stoo uhesabu kwa mkono. Zikitofautiana, rudi uangalie uliuliza swali gani kati ya yale manne. Somo lijalo nitaeleza jinsi ya kupunguza idadi pale wateja wawili wanapobonyeza kununua kitu cha mwisho kwa wakati mmoja.